Kipande Shingoni, Chipu Mkononi

Tarehe 1 Agosti 2017, katika mji mdogo wa River Falls, jimboni Wisconsin, Marekani, wafanyakazi zaidi ya 40 wa kampuni ya Three Square Market walipandikizwa chipu chini ya ngozi, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ni kichupa cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, hakina betri, na huamka tu kinaposogezwa karibu na kifaa cha kukisoma. Kwa mkono mtupu waliweza kufungua milango, kuingia kwenye kompyuta na kulipia vitafunio. Waliojitolea ni watu wa ofisini. Je, teknolojia hii ikimfikia mwashi, kuli wa bandarini au mkata miwa? Wengi huuliza kwanza kama kichupa kitahimili kubanwa na mpini wa nyundo kutwa nzima. Swali hilo ni la haki, maana mpini hukaa papo hapo. Lakini historia ya Kenya inatufundisha kutanguliza lingine: nani ataisoma alama ya mfanyakazi, na nani ana uwezo wa kuiondoa?

Mkono wa mfanyakazi ulianza kutumika kama hati zamani. Mwaka 1858, ofisa Mwingereza huko Bengal, William Herschel, alimtaka Rajyadhar Konai, mkandarasi wa vifaa vya barabara, apige chapa ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Kenya ya kikoloni iliufanya ujuzi huo kuwa mfumo. Kwa sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, yaani hati ya usajili wa kazi, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa na alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe za kuajiriwa na kuachishwa, na ujira. Tajiri mpya alisoma mshahara wa zamani kabla ya kutaja wake. Aliyeondoka bila saini ya tajiri alihesabiwa mtoro, akasakwa na kushtakiwa. Kupinga kipande kulikuwa miongoni mwa madai ya Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika waliopinga utawala wa kikoloni, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumtetea walipigwa risasi.

Mtu atasema mambo haya hayafanani, kwa kuwa kipande kililazimishwa na chipu ni hiari. Lakini hiari hupimwa kwa kile ambacho mtu hupoteza akikataa. Mtaalamu wa kompyuta akikataa, ataendelea kutumia ufunguo. Kibarua wa kutwa akikataa, nyuma yake wamepanga foleni wengine kumi. Wisconsin yenyewe ilipiga marufuku kumlazimisha mtu kupandikizwa chipu mwaka 2006, miaka 11 kabla ya River Falls, ishara kwamba watunga sheria waliona hiari inahitaji mlinzi. Wengine watasema chipu haimfuati mtu njiani, kwani imebeba namba tu. Ni kweli; lakini kipande nacho hakikumfuata mtu. Nguvu yake ilitoka kwenye rejista ya serikali na kwenye kalamu ya tajiri. Namba ni dhaifu mpaka iunganishwe na daftari la mwenye mamlaka.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja hii. Sheria ya 1947 ilipotaka watu wa rangi zote Kenya watoe alama za vidole, walowezi wa Kizungu walikuja juu, na hatimaye waliojua kusoma na kuandika wakaruhusiwa kutoa saini na picha badala yake. Alama ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa nani aliweza kuikataa na akasikilizwa. Kwa chipu, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kadi ya kazi hurudishwa siku mkataba unapokwisha, ilhali chipu huondolewa kwa kuchanjwa mkono uleule unaomlisha mtu. Ndiyo maana chipu isikubaliwe kwenye eneo la ujenzi, bandarini wala shambani mpaka masharti matatu yaandikwe: anayekataa apewe kadi bila kupoteza kazi, kumbukumbu za chipu zisitumike kupanga ujira wala kumwinda aliyeacha kazi, na gharama ya kuitoa, pamoja na siku za kupona kidonda, alipe mwajiri.