Ndui ya Merka na Kazi ya Askari
Mwezi Oktoba, 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka nchini Somalia, alishikwa na ndui. Kwanza ilidhaniwa malaria, kisha tetekuwanga. Na marafiki wakizidi kumtembelea. Ukweli ulipobainika, idara ya afya haikutegemea madaktari peke yao. Hospitali haikupokea tena wagonjwa wapya, nyumba zilikaguliwa moja moja, na polisi wakaweka vizuizi barabarani ili apitaye achanjwe. Katika majuma mawili walichanjwa watu zaidi ya 50,000. Sehemu ya askari wale, ambayo husimuliwa kwa nadra mno, ilikuwa kuuzuia ugonjwa usitoke mjini. Maalin alipona, wala hakumwambukiza mtu. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni.