Nani Anaongoza Sayansi? Funzo la Matuta ya Uluguru

Katika kila jamii yuko anayeamua ni tatizo gani lichunguzwe, fedha ziende wapi, na matokeo yatekelezwe vipi. Uamuzi huo ndio sera ya sayansi, nao ni suala la uongozi kama yalivyo masuala ya ardhi na kodi. Ili kulifafanua jambo hili, tuitazame milima ya Uluguru.

Milima hiyo ndiyo chimbuko la mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona udongo unaporomoka na mito inajaa tope. Tatizo lilikuwa la kweli. Wataalamu wakaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 wananchi wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni. Asiyechimba alishtakiwa.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la kitaalamu: sehemu nyingi za Uluguru zina tabaka jembamba tu la udongo wenye rutuba. Matuta yaliufukia udongo huo na kuuleta juu ule usiozaa, mavuno yakapungua. La pili ni la kisiasa. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa njia hiyo. Mwanamke alikuwa mlimaji na pia mwenye haki katika shamba. Lakini amri zilishushwa kutoka bomani kupitia machifu. Zilidai nguvu za mwanamke, maarifa yake hayakuulizwa.

Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, na mwananchi mmoja, John Mahenge, akauawa. Mpango ukaachwa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ikapata nguvu milimani. Hata hivyo mmomonyoko haukukoma. Kuishinda amri mbaya ni hatua. Kupata maarifa yanayowafaa wananchi ni kazi nyingine.

Baada ya Uhuru taifa lilianza kujenga vyombo vya kazi hiyo. Chini ya milima hiyo hiyo, mjini Morogoro, chuo cha kilimo kilianza mwaka 1965. Mwaka 1970 kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kitaifa, Baraza la Utafiti wa Sayansi liliundwa mwaka 1968, sera ya kwanza ya sayansi na teknolojia ikatolewa mwaka 1985, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Vyombo vikapatikana. Likabaki swali la nani atakalia viti vya maamuzi.

Mfano wa Profesa Esther Mwaikambo unatusaidia kulijibu, ingawa fani yake ni tiba. Alihitimu Moscow mwaka 1969, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari. Akawa bingwa wa magonjwa ya watoto na mwalimu wa madaktari. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, ambacho mwaka 2005 kilianza kampeni ya kuwapima akina mama saratani ya matiti. Baadaye aliongoza Akademia ya Sayansi ya Tanzania akiwa Rais wake. Tuuzingatie utaratibu huo: elimu kwanza, kisha umoja wa wenye taaluma, kisha kuwafuata wananchi waliko. Aliyepita njia hiyo huingia katika uongozi akijua sayansi inamtumikia nani.

Umoja wa Afrika ulithibitisha mwaka 2006 lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Fedha ni lazima. Lakini matuta ya Uluguru hayakukosa wataalamu wala bajeti. Yalikosa ridhaa na maarifa ya mlimaji.

Kwa hiyo kada anapoletewa mradi wa kitaalamu kijijini anao wajibu wa kuuliza mambo matatu. Nani amelichagua tatizo hili? Je, akina mama wanaolima walikuwamo katika kikao cha kuamua, au wataitwa siku ya kuchimba? Na mavuno yakipungua, hasara itakuwa ya nani? Mradi usioweza kuyajibu maswali hayo urudishwe kwa waliouandaa.