Timbo la changarawe: Mchimbaji ahitajika kurejesha ardhi
Udongo mweusi wa Nyamasaria, mashariki mwa Kisumu, huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Ndiyo sababu wajenzi hutandaza kwanza changarawe au maramu. Timbo halifunguliwi kisheria pasipo tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999 inayosimamiwa na NEMA. Sheria ya Madini ya 2016 nayo humtaka mwombaji wa leseni kuweka dhamana ya kugharimia urejeshaji wa ardhi. Dhamana hiyo ndiyo kinga halisi ya mwenye shamba. Kifungu cha 108 cha sheria ya 1999 huiruhusu NEMA kumwamuru mchimbaji kurekebisha uharibifu, lakini aliyekwisha kuhama haamriki kwa urahisi, na shimo hujaa maji masika yajapo. Udongo wa juu, uliotengwa tangu uchimbaji uanze, hurudishwa mwisho ili nyasi ziote.