Nani Alikuambia Matofali Yako ni Feki?

Watu wa Sisibo, leo tuongee matofali. Si yale ya kujengea nyumba kule Langas. Nazungumzia yale madogo ya plastiki, yenye vinundu juu, ambayo mtu mzima akienda kuyanunua lazima amdanganye muuzaji ati ni zawadi ya mtoto wa dada yake.

Ukijenga haya matofali ukiwa na miaka zaidi ya ishirini hapa Eldoret, utasikia maneno mawili. La kwanza: wewe ni mzee, hiyo ni michezo ya watoto. La pili linatoka kwa wajenzi wenzako, na ndilo linaloniudhi zaidi: hayo yako si LEGO orijino, ni feki ya China, kwa hivyo huhesabiki.

La kwanza nitalimaliza haraka. Mwaka 1963, mwaka uleule Kenya inapata uhuru, Godtfred Kirk Christiansen, mkubwa wa LEGO wakati huo, alianzisha tofali dogo zaidi liitwalo Modulex kwa ajili ya wasanifu majengo. Kipimo chake cha msingi kilikuwa milimita 5, ili mchoro wa nyumba usimame mezani ukiwa umepunguzwa mara 20. Yaani watu wazima waliovaa tai walikuwa wanapanga vitofali kabla baba yangu hajazaliwa. Mwaka 2008 ukaja mfululizo wa majengo maarufu, ulioanzishwa pamoja na Adam Reed Tucker, msanifu wa Chicago. Mwaka 2020 kampuni ikaanza kuandika 18+ waziwazi kwenye maboksi. Na kule Toronto yuko Ekow Nimako, Mkanada mwenye asili ya Ghana, ambaye huchonga kwa matofali meusi pekee. Ile kazi yake ya Kumbi Saleh, jiji la Ghana ya kale alilolihamishia mwaka 3020, ukiitazama huwezi kusema neno mtoto tena.

Sisi wenyewe tulikuwa mafundi. Nani hajawahi kusokota gari la waya, magurudumu ya slipasi kuukuu, usukani mrefu wa kuliendesha umesimama? Shida ni kwamba hapa kwetu ukifika darasa la nane unaambiwa uache. Huachi kwa sababu umeshindwa. Unaacha kwa sababu umeambiwa una aibu.

Sasa tuje kwa hilo la feki.

Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala huko Billund, Denmark. Alianza kutengeneza vinyago vya mbao mwaka 1932, enzi za ule mdororo mkubwa wa uchumi, na mwaka 1934 akaipa kampuni yake jina LEGO, kutoka maneno mawili ya Kidenishi yanayomaanisha "cheza vizuri". Bata wa mbao, magari ya mbao. Hakuna tofali la plastiki popote.

Upande mwingine, Uingereza, alikuwepo mtu anaitwa Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft. Huyu ndiye aliyekuwa anafikiria sana mtoto anavyojifunza kwa mikono yake. Page alitengeneza tofali la plastiki lenye uwazi chini na vinundu juu, likashikana na lingine, akalilinda kwa hataza nchini mwake na kuliuza kuanzia 1947. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ole Kirk alinunua mashine ya Kiingereza ya kumimina plastiki kwenye kalibu, na pamoja na mashine akaonyeshwa sampuli za vitu inavyoweza kutoa. Mojawapo ilikuwa tofali la Page. Mwaka 1949 LEGO ikatoa tofali lake la kwanza, na ukiweka hayo mawili mezani ni kama mapacha. Walirekebisha vipimo kutoka inchi kwenda milimita, wakanyoosha kingo, basi.

Hii si siri wala si udaku wa mahasimu; kampuni yenyewe inakiri chimbuko hilo. Page alifariki 1957. Mwaka 1981 LEGO ilinunua haki za lile tofali la Kiddicraft. Hesabu hapo: miaka 32 baada ya kulitoa la kwao.

Simwambii mtu kwamba LEGO ni wezi. Hapana. Tofali la 1949 lilikuwa na ugonjwa: halikushika. Ukiinua nyumba uliyojenga, inamwagika. Dawa ilipatikana Januari 28, 1958, siku ambayo Godtfred aliwasilisha maombi ya hataza ya mirija ya ndani. Geuza tofali la vinundu 2 kwa 4 uangalie tumboni: kuna mirija mitatu. Vinundu vya tofali la chini vinabanwa kati ya mirija hiyo na kuta za tofali la juu, vinashikwa sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana halitoki hadi ulivute. Fundi anayejenga kwa yale matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yenye ulimi na mfereji wa kufungana, ataelewa mara moja. Kisha mwaka 1963 wakahamia plastiki ya ABS, ngumu na isiyojipinda kama ile ya zamani. Ole Kirk hakuuona mwaka huo; alifariki Machi 1958, wiki chache tu baada ya maombi yale kuwasilishwa. Lakini tofali la 1958 bado linashikana na la leo asubuhi. Hiyo ndiyo heshima ninayoipa LEGO, na naipa yote.

Ila hataza si ya milele. Ni mkataba: serikali inakulinda kwa miaka fulani, nawe unaeleza wazi jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, muda ukiisha kinakuwa cha watu wote. Hataza ya Marekani, iliyotolewa 1961, iliisha 1978. LEGO ikajaribu mlango mwingine: tusajili umbo lenyewe la tofali kama alama yetu ya biashara, maana alama ya biashara haizeeki. Kesi zilienda mbali. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada ikawakatalia katika kesi yao na Ritvik, watengenezaji wa Mega Bloks. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya nayo ikakataa. Sababu ukiipika inakuwa hivi: vinundu si jina lako wala sahihi yako, vinundu ni kazi. Huwezi kumiliki milele namna kitu kinavyofanya kazi.

Kwa hivyo kampuni ya China, ya Kanada au ya Industrial Area pale Nairobi ikitoa tofali linaloshikana na LEGO, likiwa na jina lake mwenyewe kwenye boksi, hilo si feki. Ni tofali la kampuni nyingine. Tunavyosema betri ya kampuni hii na ya kampuni ile, zote zinaingia kwenye tochi moja.

Feki ipo, tusidanganyane. Lepin ilikuwa feki. Wale walichukua seti nzima za LEGO, picha za boksi, vitabu vya maelekezo, hata rangi za nembo, wakabadilisha herufi tu. Mbaya zaidi kwangu, walichukua pia kazi za wajenzi wa kawaida waliobuni majumba na meli zao usiku kwenye kompyuta, wakaziuza bila kuwalipa hata ndururu. Polisi wa Shanghai waliwavamia mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakubwa wao wakafungwa. Hapo mimi sina huruma. Mstari wangu uko hapo: ukinunua tofali la bei nafuu hujamwibia mtu, ukinunua ubunifu wa mtu ulioporwa umemwibia, hata kama plastiki yake ni safi.

Ni vichekesho kwamba hapa kwetu wengi wameuchora huu mstari kinyume. Mtu mwenye kifuko cha vitofali vya mtumba vilivyochanganyika anachekwa. Mwenye seti iliyonakiliwa yote, mradi inafanana na ile ya dukani, anapigwa picha na kusifiwa.

Lakini hata tofali la bei nafuu ni pesa, na seti kubwa ya LEGO ikifika hapa na ushuru wake inaweza kulipa kodi ya nyumba miezi kadhaa. Ndiyo maana sehemu ya historia ninayoipenda kuliko zote haina plastiki kabisa.

Mwaka 1995 kijana wa Australia, James Jessiman, aliandika programu ya kujengea matofali ndani ya kompyuta akaiita LDraw. Hakuitwa na kampuni wala hakuiuza. Aliwaachia watu bure. Jessiman alifariki 1997, kijana bado, na wengine waliotawanyika duniani wakaendelea kuchora vipande kimoja kimoja hadi maktaba ikawa na maelfu. Uzuri wa LDraw ni umaskini wake. Faili lake ni maandishi matupu, kila kipande na mstari wake: namba ya rangi, mahali kilipo, kimegeukia wapi, na jina la kipande. Rangi namba 4 ni nyekundu. Kipande 3001 ni tofali la 2 kwa 4. Upana wa tofali la kinundu kimoja ni vipimo 20, urefu wa tofali kwenda juu ni 24. Unaweza kuandika nyumba kwa mkono ukiwa na subira. Faili la mfano mzima ni jepesi kiasi kwamba ukilituma kwa bando la shilingi ishirini linafika na bado unabaki na za kuperuzi.

LEGO nao walikuja na programu yao, LEGO Digital Designer, wakaifunga mwaka 2022. Iliyobaki mbele ni Studio, iliyozaliwa BrickLink, lile soko la vipande lililoanzishwa na Dan Jezek mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019. Studio ni ya bure, ina nguvu, hata inakuambia ukuta wako ungeanguka. Ila kwa laptopu ya mtumba kama yangu inahema. Ukiwa na mashine dhaifu chukua LeoCAD, inatumia maktaba ileile ya LDraw na haikusumbui. Zote mbili zinasoma mafaili ya LDraw. Yaani kazi ya yule kijana, miaka thelathini baadaye, bado ndiyo lugha ambayo wote wanaongea.

Hapa ndipo nawaambia watu wa Eldoret waingie. Billund hawatawahi kutoa seti ya kitu chetu. Hata tulipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 hakuna aliyetukumbuka huko. Mimi sijali. Posta yetu ilifunguliwa 1910 kwenye shamba namba 64, ndiyo Sisibo hiyo, na sahani ya vinundu 8 kwa 8 ina vinundu vingapi? Hesabu mwenyewe ucheke.

Mimi nimeanza na mashimo ya Sirikwa. Yale mabonde ya mviringo yenye kuta za mawe yaliyotapakaa juu ya uwanda huu wa Uasin Gishu, ambayo wenyeji walisema yaliachwa na Wasirikwa waliokuwepo kabla. Mary Leakey alichimba mengine ya aina hiyo Hyrax Hill, Nakuru, miaka ya 1930. Baadaye John Sutton akaonyesha kwamba watu hawakulala shimoni: shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, nyumba ikiwa pembeni, imeunganishwa nalo. Mengi yamelimwa juu yake, mawe yakaishia kwenye misingi ya nyumba. Nikiweka moja kwenye faili, na kila jiwe na mstari wake, angalau kuna mtoto wa Moi's Bridge atakayelifungua na kuliona kutoka juu, kutoka ndani, kutoka langoni.

Faili liko wazi, chukueni. Kuta ni kijivu kilichokolea, vipande vya mteremko vikichanganywa na vya kawaida ili zisionekane za kiwandani. Lango linaelekea upande wa chini wa mteremko, jinsi yalivyokuwa. Kinachonishinda mpaka sasa ni lile lundo la samadi lililokuwa nje ya lango, maana walikuwa wakilifagilia huko miaka nenda miaka rudi. Nimejaribu kahawia tatu tofauti na bado linafanana na keki. Mwenye wazo la kipande aniambie.