Mioto Miwili ya Nairobi

Ukipita leo katika vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, kama Karen au Lavington, ukabahatika kukaribishwa uani kwa mtu mwenye nafasi, huenda ukaona jambo ambalo lingewashangaza wazee wako. Hapo nje, chini ya paa dogo, pamejengwa ukuta wa mawe wenye dohani. Upande mmoja wa ukuta ni meko ya kuotea moto. Upande wa pili ni jiko la kuchomea nyama. Na mbele yake vimepangwa viti vya wageni. Ujenzi huu husifiwa kuwa ni mtindo mpya. Je, msomaji, ni mpya kweli? Tuuchunguze uzao wake, maana ndani yake mna habari ya watu, si ya mawe peke yake.

Tuanze na lugha. Kiswahili chatumia neno moja, jiko, kwa chombo cha kupikia na kwa chumba chenyewe. Hata kijana akioa husemwa kuwa amepata jiko. Wakikuyu, ambao ardhi yao ilipakana na mji huu kwa upande wa kaskazini na magharibi, wana neno riiko, na huna haja ya kuwa mwanazuoni ili utambue kuwa maneno hayo mawili ni ndugu. Katika nyumba ya mama wa Kikuyu wa zamani, mafiga matatu yalikaa ndani, si nje. Moto ule mmoja ulipika chakula, uliwatia watoto joto na kuwaangazia gizani. Hadithi za jioni zilisimuliwa hapo hapo, chungu kikitokota. Aliyepika ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na aliyeota moto alikuwa karibu naye kiasi cha kumpokea mwiko.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Mahali penyewe palikuwa tambarare yenye majimaji, na mabwana wakubwa wa reli hawakukawia kupanda kilima cha upande wa magharibi, wakajenga nyumba zao huko, mbali na tope. Sasa wakakutana na mashaka mawili. Kutoka India, ambako wengi wa Waingereza walikuwa wamejifunza maisha ya nchi za joto, walileta desturi ya kuweka jiko nje ya nyumba. Lakini Nairobi si nchi ya joto vile! Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai ubaridi hupenya mpaka mifupani. Basi wakaugawa moto. Mmoja ukawekwa sebuleni, katika meko ya mawe yenye dohani, kwa ajili ya kuota na kuzungumza. Wa pili ukapelekwa uani, katika kibanda cha peke yake, kwa ajili ya kupika.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: moshi, harufu, joto la jikoni, na hatari ya nyumba kuungua. Ila palikuwa na sababu nyingine ambayo haikutajwa sana. Jiko lilipotoka nje, mpishi alitoka nalo. Alikuwa mtu mzima, mara nyingi baba wa watoto walioachwa kijijini, naye akaitwa ‘boi’. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, yaani cheti cha kazi kilichotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni. Akalala katika chumba kidogo nyuma ya jiko, akavuka ua mara nyingi kwa siku, mvua na jua, akipeleka sahani kwenye nyumba ambayo moto wake aliuwasha yeye na hakuuota.

Mfano wa nyumba ya namna hiyo ungalipo. Nyumba ya Karen Blixen, Mdenmarki mwandishi, ilijengwa mwaka 1912, naye aliishi humo tangu 1917 hadi 1931. Tangu 1986 ni makumbusho. Sebuleni mlikuwa na meko, na jiko lake lilikuwa jengo mbali, nyuma ya nyumba. Mpishi wake mashuhuri alikuwa Kamante Gatura, Mkikuyu, aliyefika kwake akiwa mvulana mwenye vidonda miguuni akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Kikuyu. Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni katika nyumba hiyo, akasifu mchuzi. Sifa hiyo ilitolewa mezani. Kamante aliisikia baadaye, kwa kuambiwa.

Baada ya uhuru wa 1963 stima na gesi zikaleta jiko ndani ya nyumba, na vibanda vingi vya uani vikawa ghala au vyumba vya kupangisha. Meko ya sebuleni yakabaki, nayo mara nyingi kama pambo. Wakati huo huo desturi ya nyama choma ilikuwa ikishika nguvu mjini, na hapo ndipo watu walipozoea tena kuketi karibu na moto unaopika.

Fundi hodari atakwambia kuwa kuiunganisha mioto hii si kazi rahisi. Kila mdomo wa moto wataka njia yake ya moshi, maana moshi wa mioto miwili ukipita katika dohani moja nyembamba, humrudia aliyeketi. Atauliza pia upepo watoka wapi, nao Nairobi aghalabu hutoka mashariki au kaskazini mashariki, ili asiwafukize wageni wala jirani.

Lakini kuna jambo ambalo fundi haulizwi. Nyuma ya ua mwingi wa namna hii chumba kile kidogo kingalipo, nacho huitwa SQ mpaka leo. Alasiri, kabla wageni hawajafika, atokaye humo ndiye huyapanga makaa na kuyapuliza. Wageni wakishaketi, tazama ni nani ashikaye koleo, na ni nani apewaye kiti.