Shule Zetu za Machame: Waliosoma Jana, Wanaosoma Leo

Ndugu zetu, kila tunapokutana, iwe Dar es Salaam, Arusha au nyumbani mwezi wa Desemba, haipiti saa kabla mtu hajasema kwamba shule zetu za msingi zimeshuka. Husemwa kwa uchungu, na mara nyingi msemaji alisoma huko huko. Mwaka huu tumeona tulipeleke neno hilo kwenye historia, maana fedha tunazochanga zinakwenda kwenye shule hizo, na kabla ya kununua dawa ni vizuri kuujua ugonjwa.

Shule ilipanda mlima huu mapema. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na walipojenga kanisa, darasa halikukawia. Lakini kilichowafanya wazee wetu waishike shule kwa mikono miwili ni ardhi. Kwa mila zetu kihamba humwendea mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati hujitafutia kwingine. Watu walipoongezeka na migomba ya jirani ikagusana, hiyo "kwingine" ikawa haba, na shule ikawa kihamba cha mtoto wa katikati. (Mabinti, ambao kwa mila hawakurithi kihamba, walichelewa kupewa hata hicho cha pili. Tuliseme hilo tunapojisifu.)

Aliyelipa ni kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao mwaka 1925, kikafuatwa na KNCU mwaka 1933, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kikaanzishwa hapa hapa Lyamungo. Fedha za msimu zililipa karo, zikanunua mabati, zikajenga madarasa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 wanafunzi wote wa shule za msingi Tanganyika hawakufika nusu milioni, na mtoto wa mlimani alikuwa na nafasi kuliko watoto wa sehemu nyingi. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu kwa Kujitegemea mwaka 1967, alieleza kuwa ni kama watoto 13 tu katika kila 100 wa shule ya msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Serikali ikaweka mgawo wa mikoa, na watoto wetu wengi wenye alama nzuri wakabaki nyumbani. Wazee walinung'unika sana. Sisi tunaona mgawo ule ulikuwa na haki yake, kwa kuwa misheni na kahawa havikuigusa nchi yote sawasawa. Hata hivyo wazee hawakuishia kunung'unika. Walichangishana wakajenga sekondari zao, na kwa miaka mingi Kilimanjaro ikaongoza kwa sekondari za binafsi.

Sasa tuje kwenye "zamani tulifaulu". Wakati wa mkoloni, mtihani wa darasa la nne ulichuja watoto wengi wakarudi shambani. Waliobaki hadi mwisho walikuwa wachache waliokwisha kuchaguliwa. Babu anayesema darasa lao lilifaulu vizuri hataji ni wangapi wa rika lake ambao hawakufika darasa lile. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa UPE uliofika kilele mwaka 1977, mlango ulifunguliwa kwa wote, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Alama zikashuka, ndiyo. Lakini walioingia darasani ni wale ambao zamani hawakuhesabiwa kabisa.

Ada ilirudi miaka ya themanini, ikafutwa tena kuanzia Januari 2002, na elimu bila ada ikapanuliwa mwaka 2016. Sehemu nyingi za nchi madarasa yalifurika, watoto wakakaa chini. Kwetu mlimani kasi ilikuwa nyingine. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kilimanjaro ilitoka 1,640,087 hadi 1,861,934, ongezeko la kama asilimia 13. Familia zimekuwa ndogo. Vijana wameshuka mjini, hasa baada ya mgao wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka. Na sisi tulio na uwezo, watoto wetu hupanda basi la njano kwenda shule za mchepuo wa Kiingereza.

Basi darasani yumo nani? Yumo mtoto anayelelewa na bibi, mtoto wa kibarua aliyetoka wilaya nyingine, mtoto wa mama anayeuza ndizi. Wengine ukoo wao hatuujui. Ndio wanafunzi wa shule zetu, na matokeo yao ndiyo matokeo yetu.

Uchache wao una gharama ambayo wengi hatuioni. Ruzuku hufuata idadi ya vichwa: shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Tuchukue shule ya watoto 140. Inapata shilingi 840,000 kwa mwaka mzima, kwa chaki, karatasi, mitihani na matengenezo. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45, shule hiyo inastahili walimu watatu, wanne ukihurumiwa. Madarasa ni saba. Anayefundisha hisabati darasa la saba anasikiliza pia kelele za la tano lililo peke yake.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu hatuombi saruji. Vyumba tunavyo, vingine vimefungwa kwa kukosa watoto. Tunaomba mahindi na maharage ya chakula cha mchana, vitabu vya kiada vya darasa la tatu hadi la saba, na posho ya vijana wetu waliohitimu ualimu ambao bado wanasubiri ajira, wafundishe hisabati na Kiingereza wakiwa nyumbani. Wazazi walioko kijijini wameahidi kuni na mpishi. Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata.