Ngoma ya Jembe Bariadi na Santuri ya Uwanja wa Ndege

Wakulima wa Ntuzu, Itilima, Kanadi na Mwagala, nchi za watemi wa kale ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, walikuwa na kaida moja ambayo wageni wengi waliipita bila ya kuitia maanani, kwa kuwa haikufanyika uwanjani mbele ya hadhara bali shambani, mbali na barabara, jua likiwa utosini. Kundi la vijana lilijipanga safu moja mbele ya majani. Mpiga ngoma akasimama akiwaelekea. Majembe yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Na manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, akaanza kughani mstari ambao safu nzima iliupokea, tena na tena, mpaka shamba la mwenye kazi limekwisha au jua limekuchwa.

Kundi hilo liliitwa elika. Liliundwa na vijana wa kijiji, basumba, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, na mtu yeyote ambaye shamba lake lilizidi nguvu za nyumba yake aliliendea kundi kwa adabu akaomba apewe siku. Ujira wake aghalabu haukuwa wa mtu mmoja mmoja: ulikuwa ng'ombe wa kuchinjwa, au nafaka, na katika zama za baadaye fedha, ambazo kundi lilizitumia kwa shauri moja. Hans Cory, aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika kuchunguza mila za wenyeji, aliliona jambo hili kuwa zito hata akalipa nafasi yake katika maelezo aliyoyatoa mwaka 1954 juu ya utawala wa asili wa Usukuma, maana vijana wale walikuwa nguvu ambayo hata mtemi hakuweza kuidharau. Lakini Cory alikuwa mtu wa sheria na utawala, na wimbo haukuwa shughuli yake. Ilhali kwa wakulima wenyewe wimbo haukuwa pambo la kazi, ulikuwa sehemu ya chombo cha kazi, kama vile mpini ulivyo sehemu ya jembe.

Ngoma hii ya wakulima ndiyo iliyopata umaarufu kwa jina la bugobogobo, na mtu aliyeiona katika sherehe za taifa, wachezaji wakiyarusha majembe hewani na kuyadaka kwa ustadi wa kustaajabisha, anaweza kudhani kwamba ameijua. Ameijua nusu. Alichokiona ni ngoma iliyotolewa shambani ikapelekwa jukwaani, ikafupishwa, ikapewa mwanzo na kilele na mwisho, ili imfurahishe mtazamaji aliyekaa kitini kwa dakika chache. Ile ya shambani haikuwa na kilele, kwa sababu kilele huwachosha watu, na mtu aliyechoka saa nne za asubuhi hafai kitu saa nane za mchana. Manju hakufungwa na idadi ya mizani: alirefusha mstari alipokuwa na neno la kusema, akaufupisha alipotaka pumzi, na ngoma iliendelea chini yake bila ya kumngoja wala kumkimbilia, hata ikawa kila mzunguko unafanana na uliotangulia na hakuna mzunguko uliokuwa sawasawa na mwingine. Mlimaji hakuwa akiusikiliza wimbo ule kwa maana ya kukaa na kutega sikio. Alikuwa ndani yake. Aliweza kuwaza habari za mkewe, au za ng'ombe wa mahari, au asiwaze kitu, na akirudisha fahamu zake aliukuta wimbo ungalipo, haukumwacha wala haukumlaumu.

Yafaa hapa kutofautisha muziki huu na ule mwingine uliolipatia kabila la Wasukuma sifa mbali, yaani mashindano ya Bagika na Bagalu. Vyama hivyo viwili, vinavyohesabu asili yake kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hukutana baada ya mavuno, hasa miezi ya Juni na Julai, na kila kimoja hujaribu kuwavuta watazamaji kutoka kwa mwenzake, kwa ngoma, kwa dawa, kwa nyoka, kwa vichekesho na kwa mavazi ya ajabu. Huo ni muziki unaodai macho na masikio yote. Ukikosa kuyapata umeshindwa. Padre David Clement, mmisionari kutoka Canada aliyeijenga Bujora karibu na Mwanza kuwa makumbusho ya Usukuma, aliyafungamanisha mashindano hayo na sikukuu ya Bulabo, na kwa hisani yake tunayo kumbukumbu ya ngoma nyingi. Walakini makumbusho, kama redio, hukusanya kile kinachojitokeza. Na wimbo wa shambani haukujitokeza.

Wimbo huo una asili yake, na kabla ya kilimo cha pamba kuja kuukuza kulikuwa na chumvi. Wanaume wa nchi hizi, hususani za upande wa mashariki ambazo leo ni Meatu na Itilima, walisafiri kwa miguu kupita nyika yenye simba na uhaba wa maji hadi Ziwa Eyasi, wakarudi na mizigo ya chumvi kichwani au juu ya punda, na kijana aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume timamu. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala juu ya misafara hiyo mwaka 1938. Watu wa aina hiyo hiyo, Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi, ndio waliobeba meno ya ndovu na vitambaa katika njia kuu ya Bagamoyo na Ujiji, na kila anayejua kutembea siku nyingi na mzigo kichwani anajua kwamba wimbo wa njiani hauwezi kuwa na haraka. Nathubutu kusema kwamba subira ya wimbo wa jembe ilifundishwa kwanza na njia, kisha ikahamia shambani.

Pamba ikaja ikaufanya wimbo huo kuwa wa lazima. Wajerumani waliianza, Waingereza wakaikuza, kituo cha utafiti cha Ukiriguru kikatoa mbegu bora, na kufikia miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa na nguvu ya kuunda, chini ya Paul Bomani, shirikisho la vyama vya ushirika ambalo mwaka 1955 lilijulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Maswa, wilaya iliyoibeba Bariadi kabla Bariadi haijapewa wilaya yake, ilikuwa miongoni mwa nchi za pamba kubwa, na hata leo Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Zao hili halina huruma: linataka kupandwa kwa wakati, kupaliliwa zaidi ya mara moja, kupunguzwa miche, kuchumwa kwa vidole. Nyumba moja haikuweza. Elika ikaitwa kila mahali, na nyimbo zikaingiza ndani yake mizani ya karani, bei ya kilo, kodi, baiskeli na bati la nyumba mpya.

Hapo ndipo fundi wa sauti alipofika, akafika na chombo kisichofaa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na ambaye juhudi yake katika kuhifadhi muziki wa bara hili haina mfano, alizunguka Tanganyika akirekodi. Santuri za zama zile, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande, na mazoea ya kipimo hicho yaliendelea kutawala hata baada ya ukanda wa sumaku kupatikana. Kwa hiyo muziki wa nchi hii ulioingia katika hazina za dunia uliingia kwa vipande vifupi. Kwa wimbo wa harusi au wa kusifu haikuwa hasara kubwa. Kwa wimbo wa jembe ilikuwa hasara ya kitu chenyewe, kwa kuwa urefu ndio uliokuwa maana yake: kuusikia kwa dakika tatu ni sawa na kutokuusikia.

Sasa natoka Bariadi nakwenda Ulaya, na msomaji anivumilie, maana nitarudi. Mwaka 1975 mwanamuziki wa Kiingereza Brian Eno aligongwa na gari, akawa amelala kitandani bila ya nguvu, na rafiki yake akamwekea santuri ya kinubi kisha akaondoka. Sauti ilikuwa chini mno, mvua ilikuwa ikinyesha, naye hakuweza kuinuka kuiongeza. Akalala hivyo, akisikia kinubi na mvua pamoja, hata ikamdhihirikia kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya mahali, kama mwanga ulivyo, usiwe kitu kinachosimama mbele ya mtu na kudai heshima yake. Miaka mitatu baadaye, baada ya kukerwa na muziki aliousikia katika uwanja wa ndege wa Cologne, alitoa santuri ya Ambient 1: Music for Airports. Imo sehemu nne, zisizo na majina ila namba. Katika mojawapo sauti za wanawake watatu zilirekodiwa zikitoa noti moja moja, kila noti ikawekwa katika ukanda wake uliounganishwa ncha kwa ncha, na kanda hizo hazikuwa na urefu mmoja: noti moja ilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine baada ya takriban 26, nyingine baada ya takriban 30. Kwa kuwa urefu haukulingana, sauti zilikutana na kuachana kwa namna isiyojirudia katika muda wote wa kipande. Eno mwenyewe alitaka muziki wake uweze kusikilizwa kwa makini na uweze pia kuachwa bila ya kusikilizwa, na katika hali zote mbili usipungukiwe.

Wako waliocheka. Wakasema huo si muziki ila uvivu. Lakini mwaka 1980 ulipigwa katika kituo kimoja cha uwanja wa ndege wa LaGuardia huko New York, mwaka 1998 kundi la Bang on a Can likautafsiri kwa ala za mkono na kuurekodi upya, na hadi leo, zaidi ya miaka 40 tangu utoke, watu huufungulia wakisoma, wakifanya kazi, wakiuguza wagonjwa, wakitafuta usingizi. Nyimbo nyingi zilizokuwa juu ya orodha za mauzo mwaka ule wa 1978 zimesahaulika kabisa.

Sababu ya kudumu kwake, kwa maoni yangu, haimo katika mitambo. Wimbo unaodai sikio huchosha sikio. Ukisikiwa mara mia, umekwisha. Wimbo uliotungwa kukaa na mtu ilhali mtu ana shughuli nyingine hauna cha kuisha, kwa maana haukutoa ahadi ya kumshangaza. Hilo Eno aliligundua kitandani, na hatumnyang'anyi fahari ya ugunduzi wake. Wala simaanishi kwamba aliuchukua kutoka Usukuma. Hata hivyo, yeye amekiri deni lake kwa Steve Reich wa Marekani, ambaye mwaka 1965 alizicheza kanda mbili za sauti moja zikiachana polepole. Na Reich alikuwa amekisoma kitabu cha Padre A. M. Jones juu ya midundo ya Afrika, kisha mwaka 1970 akaenda Ghana kujifunza ngoma kwa Waewe. Fikra ya mizunguko isiyolingana, inayokwenda pamoja bila ya kungojana, ilikuwa imekomaa katika bara hili kwa karne nyingi kabla haijaingizwa katika ukanda wa sumaku. Tofauti ni kwamba santuri ndefu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilimpa Eno zaidi ya dakika 20 kila upande. Manju wa Ntuzu hakupewa.

Nyumbani, wimbo wa jembe ulianza kurudi nyuma. Plau ya kukokotwa na maksai ilienea, na plau haitaki safu ya watu 20 bali watu wawili, mijeledi na mluzi. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ilihamisha makazi na kuchanganya vikundi vilivyokuwa vikijuana tangu utotoni. Vijana wakaenda mijini. Palizi ilibaki kazi ya jembe, na huko wimbo ulijishikiza, lakini elika za zamani zenye manju wake na mpiga ngoma wake zikawa chache, na nyingine zikawa vikundi vya maonyesho. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Frank Gunderson wa Marekani alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, za wawindaji, wachukuzi, wakulima wa pamba na wengineo, akachapa mwaka 2010 kitabu kinachobeba nyimbo zaidi ya 300 pamoja na tafsiri na maelezo ya waimbaji wenyewe. Ni kazi ya kupigiwa mfano, na mtu wa Simiyu hana udhuru wa kutoijua. Hata hivyo kitabu ni maneno: mstari uliorudiwa mara 200 umeandikwa mara moja.

Siku hizi studio za Bariadi, Maswa na Lamadi hutoa nyimbo za Kisukuma kwa kinanda cha umeme na kompyuta, na mpalizi huweza kuonekana shambani na simu kiunoni ikipiga. Siidharau sanaa hiyo. Ina waimbaji hodari na wapenzi wengi. Jambo moja tu naona la kuwaambia mafundi wake: kompyuta iliyo mbele yao haina mpaka wa dakika tatu, na bado wanairekodi ngoma kana kwamba wanaikata kwa santuri ya mwaka 1950.

Wangalipo Ntuzu na Kanadi wazee waliosimama katika safu ya elika walipokuwa vijana, na wachache kati yao walikuwa manju. Maafisa utamaduni wa mkoa, walimu wa shule, redio za kijamii na kila kijana mwenye simu na siku moja ya nafasi: nendeni kwao msimu wa palizi, mkiwa na ngoma na majembe, muwaombe waongoze safu kama zamani, nanyi mrekodi kutoka asubuhi hadi jioni bila ya kukata, kisha mweke nakala Bujora na nakala katika Maktaba ya Taifa.